Faili la mgonjwa linaandikwa na nani?

Uingereza mtu akihukumiwa kifungo cha miaka sita kwa kujeruhi, yeye na mama yake nyumbani wanajua hesabu inavyokwenda. Sehemu atakaa ndani, sehemu atatumikia nje chini ya uangalizi, na tarehe ya kutoka itafika hata kama hakuna askari magereza anayempenda. Mtu huyohuyo, kwa kosa lilelile, mahakama ikiona ni mgonjwa wa akili na ikampeleka hospitali kwa kifungu cha 37 cha Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 1983, kisha jaji akaongeza zuio la kifungu cha 41, hana tarehe. Anaweza kukaa miaka miwili. Anaweza kukaa kumi na tano. Atatoka pale Wizara ya Sheria, au baraza la rufaa za afya ya akili, litakaporidhika kwamba anaweza kuishi nje bila kumdhuru mtu. Baraza hilo lina watu watatu: jaji, daktari wa akili na mjumbe mwingine mwenye uzoefu. Watakutana na mgonjwa kwa saa chache. Miaka yote iliyobaki wataijua kwa kusoma.

Gerezani watu hutoka kwa kalenda, hospitalini hutoka kwa ripoti. Mijadala kuhusu wagonjwa wa akili waliovunja sheria huwa inawatazama madaktari bingwa, majaji na mawaziri, na ni haki, maana hao ndio wenye sahihi. Mimi nataka tumtazame mtu wa ngazi ya chini kabisa katika idara ya saikolojia, ambaye mara nyingi jina lake halipo chini ya ukurasa wa mwisho, ilhali ndiye aliyekusanya sehemu kubwa ya yaliyomo. Huyo ni msaidizi wa mwanasaikolojia. Nimeifanya kazi hiyo. Hoja yangu ni kwamba mfumo umemkabidhi mzigo mzito kuliko unavyokiri, halafu ukampa muda mfupi kuliko mzigo wenyewe unavyotaka.

Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa, cheo hiki kinahitaji maelezo kidogo. Ili uitwe mwanasaikolojia wa kliniki au mwanasaikolojia wa makosa ya jinai Uingereza, lazima uwe kwenye rejista ya HCPC, baraza la taaluma za afya lililoanza kuwasajili wanasaikolojia mwaka 2009. Msaidizi hayumo kwenye rejista hiyo. Ana shahada ya kwanza ya saikolojia, pengine na ya pili, na anafanya kazi chini ya mwanasaikolojia aliyesajiliwa. Katika NHS, yaani huduma ya afya ya taifa, kwa kawaida huwekwa daraja la 4 la mshahara, ambalo mwaka wa fedha 2024/25 lilianzia pauni 26,530 kwa mwaka. Kwa London hiyo ni fedha ya kupanga chumba, tena na wenzako jikoni.

Wodi zenyewe zimepangwa kwa ngazi za ulinzi. Juu kabisa England ina hospitali tatu tu: Broadmoor kule Berkshire, iliyofunguliwa mwaka 1863, Rampton kule Nottinghamshire, na Ashworth karibu na Liverpool. Chini yake ziko hospitali za ulinzi wa kati, zilizotokana na kazi ya kamati ya Lord Butler miaka ya 1970, iliyoona kwamba kati ya Broadmoor na wodi ya kawaida palikuwa patupu, na watu walikuwa wanakwama juu kwa kukosa pa kuteremkia. Halafu zipo za ulinzi wa chini, ambako mgonjwa anaanza kwenda dukani akisindikizwa, baadaye peke yake.

Watu huniuliza kama tulikuwa tunakaa na wauaji tukichambua ndoto zao. Siku ya kawaida inakwenda hivi. Unaingia kupitia milango miwili isiyofunguka kwa wakati mmoja; unasubiri katikati, kamera ikikutazama, hadi wa nyuma ujifunge. Simu umeiacha kwenye kabati la mapokezi. Unafunga mkanda wenye mnyororo wa funguo, unachukua king'ora kidogo cha kuita msaada mambo yakiharibika. Wodini vijiko, uma na visu huhesabiwa baada ya kila mlo, na kikipungua kimoja, kila kitu kinasimama mpaka kionekane. Unawasalimia wagonjwa, mmoja anakuuliza kama mechi ya jana uliiona. Kisha unapanda ofisini, unawasha kompyuta, unasoma. Utasoma hadi jioni.

Unasoma maelezo ya polisi na ya mashahidi. Unasoma ripoti za shule za mtu ambaye leo ana miaka 44, barua za daktari wa familia, kumbukumbu za ustawi wa jamii, ripoti za gerezani, na maandishi ya wauguzi wa kila zamu, mchana na usiku, kwa miaka tisa. Kutoka kwenye rundo hilo unatoa mtiririko wa matukio: tarehe, kilichotokea, nani alikuwepo, nani kasema. Huo mtiririko ndio msingi wa tathmini ya hatari, na tathmini ya hatari ndiyo msingi wa ripoti ya baraza.

Tathmini inayotumika sana huitwa HCR-20. Ilianzia Canada, na toleo lake la tatu lilitoka mwaka 2013. Ina vipengele 20. Kumi ni vya yaliyopita: ukatili wa zamani, mahusiano, ajira, ulevi na dawa za kulevya, mateso aliyopitia, na kadhalika. Vitano ni vya hali yake ya sasa, vitano ni vya maisha yanayomsubiri mbele: atakaa wapi, nani atamsaidia, atazikabili vipi shida. Hakuna kujumlisha alama ukapata namba ya mtu. Unatakiwa ueleze ukatili wake ulitokeaje, dhidi ya nani, katika mazingira gani, na nini kinaweza kuurudisha. Ni chombo kizuri na sina ugomvi nacho. Ila tazama kilivyokaa. Nusu yake ni mambo ya zamani, na ya zamani hayapungui. Mtu anaweza kupata nafuu, akaacha bangi, akapatana na dada yake waliyekuwa hawasemezani. Vile kumi vya mwanzo vitamfuata mpaka kaburini. Kinachoweza kubadilika katika nusu ile ni namna ilivyoandikwa tu.

Nitoe mfano. Nimeuunga kutoka mafaili tofauti na kubadili kila kinachoweza kumtambulisha mtu, maana si halali kumwanika mgonjwa.

Mwaka wa kwanza wa kulazwa, mgonjwa anabishana na muuguzi kuhusu muda wa kwenda bustanini. Fomu ya tukio, iliyojazwa usiku uleule, inasema alirusha kikombe cha plastiki chenye chai iliyopoa, kikagonga ukuta, matone yakamrukia muuguzi begani. Hakuna aliyeumia. Kabla zamu haijaisha mgonjwa aliomba radhi. Miaka miwili baadaye, ripoti ya mkutano wa mpango wa matibabu inasema alimrushia muuguzi chai. Ripoti ya baraza inayofuata inasema alimrushia muuguzi kinywaji cha moto. Ripoti ya mwaka wa tano inasema alimshambulia mtumishi kwa kitu. Mwaka wa saba anahamishiwa hospitali nyingine, na muhtasari wa ukurasa mmoja unaotangulia mbele yake unasema ana historia ya kushambulia watumishi kwa silaha.

Hakuna mwandishi hata mmoja hapo aliyekaa chini akatunga uongo. Kila mmoja alifupisha sentensi ya mwenzake akiwa na haraka, na katika kila kufupisha kuna kilichodondoka: plastiki, iliyopoa, ukuta, radhi. Wazee walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Faili limeishia kwenye nusu ya kwanza ya methali, na mgonjwa ndiye anaishi ile ya pili. Kwenye wodi mpya wauguzi wanamkaribisha wakiwa wamesimama mbali. Anasindikizwa na watu wawili pale mwenzake anaposindikizwa na mmoja. Ananyimwa zamu ya jikoni, ambayo ndiyo ingemwonyesha kuwa anaaminika na kisu. Anauliza kwa nini, anaambiwa ni kwa sababu ya historia. Anakasirika, kama ambavyo wewe ungekasirika, na hasira yake inaandikwa: "hana utambuzi wa hatari yake."

Nani anaweza kuliona kosa hili? Daktari bingwa hana wiki nzima ya kukaa na faili moja. Wakili anaipata ripoti siku zikiwa zimebaki chache. Muuguzi aliyerushiwa chai amehama zamani. Mgonjwa mwenyewe anajua, na amesema, lakini maneno yake yameandikwa chini ya kichwa "kupunguza uzito wa makosa yake". Anabaki msaidizi, ambaye ndiye pekee aliyelipwa kukaa na rundo lile mpaka chini. Kama ataishia kwenye muhtasari au atarudi hadi fomu ya usiku ule, inategemea alichoambiwa siku ya kwanza kazini: kwamba kazi yake ni kujaza fomu ikamilike kabla ya mkutano, au ni kujua kilichotokea.

Maneno yanayokua namna hii hayakui sawa kwa watu wote. Takwimu rasmi za England zinaonyesha mwaka baada ya mwaka kwamba watu weusi hulazwa kwa lazima chini ya sheria ya afya ya akili kwa kiwango cha zaidi ya mara tatu ya kile cha weupe. Agosti 1991 Orville Blackwood, mzaliwa wa Jamaika, alifariki Broadmoor akiwa kwenye chumba cha kutengwa, baada ya kudungwa sindano kwa nguvu. Alikuwa mtu mweusi wa tatu kufa kwenye kutengwa hospitalini humo ndani ya miaka michache. Kabla yake walikufa Michael Martin mwaka 1984 na Joseph Watts mwaka 1988. Kamati ya uchunguzi iliyoongozwa na Profesa Herschel Prins ilitoa ripoti mwaka 1993, na katika jina la ripoti yenyewe ikaweka maneno matatu na alama ya kuuliza: mkubwa, mweusi na hatari? Miaka mitano baada ya ripoti hiyo, David Bennett alifariki katika kliniki ya ulinzi wa kati mjini Norwich, akiwa amebanwa kifudifudi sakafuni na wauguzi. Uchunguzi wa Sir John Blofeld ulisema waziwazi kuwa ubaguzi umeota mizizi katika huduma za akili za NHS.

Sisemi msaidizi wa miaka 24 ndiye aliyewaua hao. Nasema "mkubwa" na "wa kutisha" ni maneno ambayo kwanza huandikwa na mtu fulani, siku fulani, kwenye kompyuta fulani. Nimesoma mafaili yanayoeleza kimo na upana wa mgonjwa mweusi kwenye aya ya kwanza, na sijakumbuka nikisoma kimo cha Mwingereza mweupe popote. Nimesoma pia "hupaza sauti kwa namna ya kutisha" kuhusu mwanamume ambaye Kariakoo angehesabiwa kuwa mpole. Niliuliza alipaza sauti akisema nini. Haikuandikwa.

Msomaji asidhani natetea kalamu laini. Desemba 1992 Christopher Clunis, mgonjwa aliyekuwa amepita mikononi mwa hospitali na ofisi nyingi za London, alimchoma kisu na kumuua Jonathan Zito, mtu asiyemjua kabisa, kwenye jukwaa la kituo cha Finsbury Park. Ripoti ya uchunguzi ya mwaka 1994 ilionyesha jinsi matukio yake ya ukatili yalivyopuuzwa au kupunguzwa uzito kila alipokabidhiwa kwa watu wengine. Miongo mitatu baadaye, Juni 2023, watu watatu waliuawa mitaani Nottingham na mgonjwa aliyekuwa ameachwa na huduma. Tume ya ubora wa huduma za afya, CQC, ilisema mwaka 2024 kwamba tathmini zake za hatari zilipunguza au kuacha mambo muhimu. Huku kikombe kimekuwa silaha, kule kisu kimekuwa "tukio". Ugonjwa wa faili ni uleule: sentensi inanakiliwa na mtu ambaye hakurudi kwenye chanzo. Wanaotaka wagonjwa wafunguliwe haraka na wanaotaka wafungiwe zaidi hugombana magazetini miaka yote, na wote wawili wanasoma mafaili ya namna moja.

Najua watakachojibu wakubwa wa idara. Watasema msaidizi hafanyi kitu peke yake, kila anachoandika kinapitiwa na msimamizi aliyesajiliwa, na sahihi ni ya msimamizi. Kweli. Lakini usimamizi kwa kawaida ni saa moja kwa wiki, na saa hiyo ina mambo yake: mgonjwa aliyemtisha msaidizi Jumanne, kikundi kilichokosa chumba, likizo, hali ya msaidizi mwenyewe kihisia, kwa sababu mambo anayoyasoma si ya kubeba kwenda nayo nyumbani bila kuongea na mtu. Msimamizi mzuri atasoma ripoti na kusahihisha hoja, lugha na hitimisho. Hawezi kusahihisha kilichoachwa nje, kwa sababu hakioni. Kuweka sahihi kwenye muhtasari hakumfanyi mtu awe amesoma rundo.

Sasa tuje kwenye muda. Uingereza karibu kila msaidizi anatazama mahali pengine: udaktari wa saikolojia ya kliniki, mafunzo ya miaka mitatu ambayo NHS huyalipia, na mwanafunzi hulipwa mshahara wa daraja la 6, ambalo mwaka 2024/25 lilianzia pauni 37,338. Waombaji ni wengi mara kadhaa kuliko nafasi, na wengi huomba zaidi ya mara moja. Kazi ya usaidizi imegeuka ngazi ya kupandia. Mikataba mingi ni ya mwaka mmoja au muda wa kuziba likizo ya uzazi ya mtu. Zipo hata nafasi za kujitolea bila malipo, zinazotangazwa kwa maneno mazuri kuhusu uzoefu. Anayeweza kufanya kazi mwaka mzima bila mshahara ni yule ambaye baba yake ana nyumba karibu na kituo cha treni, na ndiyo maana ofisi za saikolojia zinafanana sura kuliko wodi zinazozihudumia.

Kijana huyo hana kosa. Anafuata njia iliyochorwa. Lakini mtazame mgonjwa. Yeye anakaa miaka, msaidizi anakaa mwaka. Kila Oktoba anakuja mwingine, mchangamfu, mwenye daftari, anayemwomba asimulie tena tangu utotoni: baba alivyokuwa, siku ya kosa, sauti alizozisikia. Swali la kwanza nililoulizwa na mgonjwa mmoja nilipojitambulisha lilikuwa "unaondoka lini?" Halikuwa la ukali. Alikuwa anataka kujua kama inafaa kuanza. Mtu akichoka kusimulia hufupisha mwenyewe, na anayemsikiliza huandika kwamba mgonjwa "hatoi ushirikiano wa kutosha kuhusu kosa lake". Hapo faili limepata sentensi nyingine ya kunakili.

Kuna jambo jingine linaloingia kwenye ripoti kwa urahisi mno, nalo ni kozi. Wasaidizi huendesha au husaidia kuendesha vikundi: kudhibiti hasira, kuelewa ugonjwa, kuacha ulevi. Mwisho kuna cheti, na ripoti inasema "amekamilisha". Mabaraza yanapenda sentensi hiyo. Magereza ya England na Wales yalikuwa na programu kubwa ya kuwatibu wafungwa wa makosa ya ngono, iliyoendeshwa tangu miaka ya 1990 na kuaminiwa kuliko nyingine zote. Mwaka 2017 Wizara ya Sheria ilichapisha utafiti: waliopitia programu hiyo, asilimia 10.0 walirudia kosa la ngono, dhidi ya asilimia 8.0 ya waliofanana nao ambao hawakuipitia. Programu ikaondolewa. Kwa zaidi ya miaka ishirini "amekamilisha" ilihesabiwa kuwa hatua mbele, na wengine walicheleweshwa kutoka kwa kuwa hawajakamilisha. Niliendesha vikundi na sijutii; kuna mazungumzo niliyoyasikia humo ambayo chumba cha watu wawili kisingeyatoa. Ila cheti kinathibitisha mahudhurio, na msaidizi aliyekuwemo chumbani ndiye anayejua kama mtu alisema lolote. Anapoondoka Septemba, ujuzi huo unaondoka naye, kinabaki cheti.

Ningependa nini? Kwanza, sentensi yoyote kuhusu ukatili ndani ya ripoti iwe na tarehe na jina la hati ya mwanzo ilikotoka, na isiyo na chanzo ifutwe au iandikwe kuwa haina chanzo. Hili halihitaji sheria mpya wala bajeti. Linahitaji mkuu wa idara mkaidi. Pili, mgonjwa asome rasimu ya mtiririko wake kabla haijawa ripoti, akiwa na kalamu. Baadhi ya wodi hufanya hivi na dunia haikuanguka. Wagonjwa wengi wanaposoma historia yao hawagombani na makosa makubwa. Aliyeua ni nadra kubisha kwamba aliua. Hugombania vitu vidogo, kikombe kilikuwa cha plastiki, mama alikufa Machi na si Mei, na mara kwa mara wao ndio wako sahihi. Na la tatu ndilo gumu kwa sababu lina fedha: kuwe na wasaidizi wanaoajiriwa kukaa, wenye daraja la kupanda na mshahara wa mtu mzima, ambao hawalazimiki kuiona wodi kama chumba cha kusubiria. Kuna watu wanaipenda kazi hii yenyewe. Nimewafahamu. Waliondoka kwa sababu ya kodi ya nyumba.

Yote haya yanatuhusu na sisi, kwa sababu ukoo wa sheria ni mmoja. Mwaka 1843 Daniel M'Naghten alimpiga risasi na kumuua Edward Drummond, katibu wa waziri mkuu Robert Peel, akiamini anafuatwa na serikali. Majaji wakaweka kanuni ambazo mpaka leo ziko ndani ya kifungu cha 13 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania na kifungu cha 12 cha ile ya Kenya: mtu hawajibiki kama ugonjwa wa akili ulimfanya asijue anachofanya au asijue kuwa ni kosa. M'Naghten mwenyewe alifia Broadmoor mwaka 1865. Mwaka 1882 mtu mwingine alimfyatulia risasi Malkia Victoria, akaonekana hana hatia kwa sababu ya wazimu. Malkia alichukizwa, na mwaka uliofuata Bunge likabuni hukumu ya ajabu: ana hatia lakini ni mwendawazimu. Waingereza waliifuta mwaka 1964. Kenya ilibaki nayo katika kifungu cha 166 cha sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai, pamoja na kumweka mtu kwa ridhaa ya Rais, jambo ambalo majaji wa Mahakama Kuu wamelikosoa tangu Katiba ya 2010.

Kwa hiyo katika hospitali za akili za Mathari, Nairobi, na Isanga, pale Dodoma jirani na Mirembe, wamo watu wanaosubiri karatasi kama wale wa Berkshire. Vyuo vyetu vinatoa wahitimu wa saikolojia kila mwaka, Kenya ina sheria ya kuwasajili wanasaikolojia na washauri nasaha tangu 2014, na baadhi ya wahitimu huniandikia wakiuliza namna ya kupata kazi hizi Uingereza. Huwa nawajibu kuhusu fomu na visa, halafu nawauliza kama wamewahi kufikiria kazi hii ikianzishwa kwao. Ikianzishwa, nisingependa ije na mkataba wa mwaka mmoja ndani ya boksi. Kifungu kile cha 166, kama kilivyoandikwa, kinataka ripoti ya kwanza kuhusu mgonjwa ipelekwe baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miwili. Msaidizi wa mwaka mmoja, aliyemsikiliza mgonjwa alipofika, atakuwa ameshahama mara mbili siku ripoti hiyo inaandikwa, na atakayeiandika atafungua faili na kuanza kunakili.